DNA na RNA: Virusi 'visivyoonekana' vimejificha wapi?

MAMA mmoja anayeuza mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, aliingia katika chumba changu cha matibabu asubuhi moja akiwa ameshika ubavu. Malengelenge yalikuwa yamemzunguka upande mmoja, kutoka mgongoni hadi chini ya titi, na maumivu yalikuwa yamemnyima usingizi kwa siku tatu. Ni ugonjwa ambao wengi huuita mkanda wa jeshi. Nilipomuuliza kuhusu dawa anazotumia alinyamaza kidogo, kisha akafungua mkoba na kunionyesha kadi yake ya kliniki.

Kadi ilionyesha kwamba alikuwa amemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV kwa miaka sita. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa kizuri kabisa. Mwuguzi alikuwa ameandika herufi tatu, LDL, na kumweleza kwa furaha kwamba virusi havionekani tena katika damu yake.

"Basi nikaacha dawa, daktari," aliniambia. "Kama havionekani, si vimekwisha? Ni miezi minne sasa."

Nilimtibu mkanda wa jeshi na kumtoa damu ili ipimwe upya. Majibu yaliporudi, virusi vilikuwa vimerejea kwa maelfu katika kila mililita ya damu. Mama yule aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike makala haya: "Kama havikuonekana, vilikuwa vimejificha wapi?"

Msomaji, nimebadilisha mambo machache kumhusu ili asitambulike, lakini swali lake nimeliacha lilivyo. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na walimu wangu nilipokuwa nikisomea udaktari. Na kosa halikuwa lake peke yake. Sisi tuvaao makoti meupe tulimwambia "havionekani", tukanyamaza hapo. Hatukumwambia ni kitu gani hasa hakikuonekana, wala ni kipi kilichobaki.

Jibu la swali lake limo katika tofauti kati ya vitu viwili ambavyo majina yake hufanana kama ya mapacha: DNA na RNA. Vumilia nami kidogo, kwani ukishaielewa tofauti hiyo utaelewa pia kwa nini dawa za HIV humezwa maisha yote, kwa nini mtoto mchanga hapimwi kama mtu mzima, na kwa nini chanjo ya RNA haiwezi kukubadilisha ukawa kiumbe kingine.

FAILI LILILO MASIJALANI

Huenda neno DNA umelisikia zaidi likitajwa mahakamani kuliko hospitalini. Baba akimkana mtoto, hakimu huamuru DNA ipimwe, na majibu humaliza ubishi. Lakini kumtambua baba ni kazi ndogo tu tuliyoipa sisi wanadamu. Kazi yake halisi ni kubwa zaidi.

Mwili wako umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu; 23 ulipewa na mama na 23 ukapewa na baba. Uti wa nyuzi hizo ndio DNA. Lau ungezinyoosha nyuzi zote za seli moja na kuziunga, ungepata uzi wenye urefu wa takriban mita 2, ambao ni mrefu kumshinda mtu wa kawaida. Uzi huo wote umekunjwa ndani ya kiini ambacho ni kidogo kuliko ncha ya sindano.

Sasa fikiria ofisi ya jiji inakohifadhiwa michoro ya majengo. Mchoro halisi hautoki ofisini. Hukaa masijalani ndani ya faili, chini ya ulinzi wa karani. Mafundi walio kwenye mjengo hupewa nakala. Nakala hiyo hupakwa saruji, hulowa mvua, huchanika, na kazi ikimalizika hutupwa. Faili hubaki palepale, likingoja siku nyingine litakapohitajika.

DNA ndiyo faili lililo masijalani. RNA ndiyo nakala inayopelekwa kwenye mjengo. Ukilishika hilo moja, mengine yote yatafuata.

Umbo la DNA ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Kamba mbili za pembeni zimeundwa kwa sukari na fosfeti zinazofuatana. Vipandio vya katikati vimeundwa kwa kemikali nne ambazo wataalamu huzifupisha kwa herufi: A ya adenini, T ya thaimini, G ya guanini na C ya saitosini. Herufi hizi hazishikani ovyo. A hushikana na T pekee, nayo G hushikana na C pekee. Kwa hivyo ukiujua upande mmoja wa ngazi umeujua na wa pili. Palipo na AAGC upande huu, ng'ambo yake lazima pawe na TTCG.

Hapo ndipo penye siri ya usalama wa DNA. Upande mmoja ukiharibika, seli huweza kuurekebisha kwa kuutazama mwenzake. Na seli inapotaka kuzaa nyingine, ngazi hupasuliwa katikati, kila nusu ikajengewa nusu mpya, na seli zote mbili zikapata faili kamili. Faili hilo lina herufi zipatazo bilioni 3 kutoka kwa kila mzazi, na ndani yake mna maagizo, yaani jeni, yapatayo 20,000 ya kutengeneza protini mbalimbali za mwili.

Mtu wa kwanza kuigundua kemikali hii alikuwa daktari kijana wa Uswisi, Friedrich Miescher, mwaka wa 1869. Alikuwa Tübingen, Ujerumani, akichunguza usaha kutoka kwa bendeji chafu za wagonjwa. Umbo la ngazi lilifahamika baadaye sana, mwaka wa 1953, kupitia James Watson na Francis Crick wa Cambridge, Uingereza. Walisaidiwa mno na picha ya miale ya eksirei iliyotoka katika maabara ya Rosalind Franklin, London. Mama huyo alifariki mwaka wa 1958, na tuzo ya Nobel ilipotolewa mwaka wa 1962 hakuwepo kuipokea.

NAKALA YA KAZI

RNA ni ndugu wa DNA, lakini wanatofautiana kwa mambo manne.

Kwanza, DNA ina nyuzi mbili zilizoshikana, hali RNA aghalabu ni uzi mmoja. Haina mwenzake wa kumtazama ikiharibika.

Pili, sukari yao si moja. Sukari ya RNA huitwa ribosi. Ile ya DNA huitwa deoksiribosi, yaani ribosi iliyopungukiwa na chembe moja ya oksijeni. Huenda ukadhani hilo ni jambo dogo, lakini oksijeni hiyo moja ya ziada ndiyo huifanya RNA kuwa dhaifu na kukatika upesi. DNA haina udhaifu huo. Mwaka wa 2022 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma DNA iliyohifadhika katika udongo wa kaskazini mwa Greenland kwa takriban miaka milioni 2. RNA nyingi ndani ya seli zako zilizokuwepo asubuhi hii zitakuwa zimevunjwavunjwa kabla ya wiki kwisha, nyingine hata kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu.

Tatu, herufi moja hubadilika. Palipo na T katika DNA, RNA huweka U, yaani yurasili. Herufi A, G na C ni zile zile.

Nne, makao na kazi. DNA hukaa ndani ya kiini na haitoki. RNA huandikwa ndani ya kiini, kisha nyingi hutoka nje kwenda kazini. Kadhalika RNA ni fupi, kwa kuwa kila moja hunakiliwa kutoka ukurasa mmoja tu wa faili.

Kazi yenyewe huendeshwa hivi. Mwili ukihitaji protini fulani, kwa mfano insulini, seli za kongosho hufungua ukurasa wa insulini na kuunakili kwa RNA. Hii ni RNA mjumbe. Mjumbe hutoka kwenye kiini na kufika kwa ribosomu, ambazo ndizo mafundi wa seli. Ribosomu zenyewe zimeundwa kwa aina nyingine ya RNA, ikichanganywa na protini. Halafu kuna RNA ya tatu, RNA chukuzi, inayofanya kazi kama kijana wa mkokoteni: kazi yake ni kuleta matofali. Matofali hayo ni asidi amino za aina 20, na fundi huyapanga kulingana na maagizo ya mjumbe, herufi tatu kwa kila tofali. Tofali la mwisho likiwekwa, protini iko tayari.

Seli ya jicho lako na seli ya ini lako zina faili lile lile. Kinachozitofautisha ni kurasa zinazonakiliwa. Ukiipima DNA ya seli utajua yaliyoandikwa. Ukiipima RNA yake utajua yanayotendeka sasa. Tafadhali ikumbuke sentensi hiyo, kwa maana tutairejea.

KOSA LA FAILI NA KOSA LA NAKALA

Nakala ikiharibika mjengoni si msiba mkubwa. Karani atatoa nyingine. Lakini kosa likiwa ndani ya faili, kila nakala itakayotolewa itakuwa na kosa hilo hilo, leo na kesho, na huenda hata kwa watoto wako.

Mfano mzuri ni ugonjwa wa selimundu, ambao tunauona sana kwa familia zenye asili ya maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani. Katika jeni inayotoa maagizo ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini, palipostahili kuandikwa GAG pameandikwa GTG. Ni herufi moja tu iliyokosewa, A ikawa T. RNA nayo, ikiwa mtumishi mwaminifu, hunakili kosa hilo na kuandika GUG. Fundi akisoma hivyo, huweka tofali lisilofaa. Mtoto aliyepokea kosa hilo kutoka kwa baba na kwa mama hupata seli nyekundu ambazo hupinda mfano wa mundu zinapopungukiwa na oksijeni, zikaziba mishipa midogo na kumletea maumivu yasiyosemeka.

Huwezi kuumaliza ugonjwa kama huu kwa kuondoa nakala mbovu. Zitaandikwa nyingine. Ama uiguse DNA yenyewe, ama umsaidie mgonjwa kuishi nao. Hilo ndilo tatizo la HIV pia.

MLAGHAI ANAPOINGIA MASIJALANI

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba safari ni ya upande mmoja: kutoka DNA kwenda RNA, na kutoka RNA kwenda protini. Kisha mwaka wa 1970 Wamarekani wawili, Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba baadhi ya virusi hurudi nyuma. Huchukua RNA na kuigeuza kuwa DNA. Walipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1975. Miaka minane baadaye, mwaka wa 1983, wataalamu wa Paris wakiwemo Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier walitoa taarifa ya kirusi cha aina hiyo hiyo. Ndicho tunachokiita HIV leo. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa mwaka wa 1984.

Ndani ya kila kirusi cha HIV mna nyuzi mbili za RNA, kila moja ikiwa na herufi zipatazo 9,700. Ukilinganisha na herufi zako bilioni 3, ni karatasi moja mbele ya shehena ya vitabu. Lakini kirusi hakiji na karatasi tu. Huja na vimeng'enya vyake, na viwili kati ya hivyo ndivyo vinavyoleta maafa.

Cha kwanza nitakiita karani wa kinyume. Kirusi kinapoingia ndani ya seli ya CD4, ambayo ni miongoni mwa askari wa mwili, karani huyu huisoma RNA ya kirusi na kuiandika upya kwa DNA. Sasa karatasi ya mgeni inafanana na kurasa za faili.

Cha pili nitakiita mshonaji. Huichukua DNA hiyo hadi ndani ya kiini, hukata uzi wa DNA yako, huuchomeka ule wa kirusi katikati, na kuushona.

Wakazi wa mijini hawahitaji kuelezwa zaidi. Tumesikia visa vingi vya walaghai wa mashamba ambao karatasi zao bandia hupenyezwa katika faili halisi la serikali. Kuanzia siku hiyo karani anayeketi pale hana habari. Akiombwa nakala, hunakili na ile ya bandia. Seli iliyoingiliwa hufanya vivyo hivyo: hunakili RNA ya kirusi kana kwamba ni yake, hutengeneza protini za kirusi, na virusi vipya vikatoka kwenda kutafuta seli nyingine.

Seli nyingi zilizoingiliwa hufa baada ya siku chache. Lakini chache mno huenda kulala. Ni kawaida ya askari wa mwili. Baadhi yao hupumzika kwa miaka, wakihifadhi kumbukumbu ya magonjwa ya zamani. Seli iliyolala hainakili kurasa nyingi. Ukurasa wa kirusi umo ndani ya faili, umeshonwa barabara, lakini hakuna anayeufungua. Hakuna RNA ya kirusi inayotoka. Kwa nje, seli hiyo ni nzima kama nyingine yoyote.

Hapo ndipo vilipokuwa vimejificha, mama. Havikuwa vimekimbilia kwenye uboho au ini kama wezi wanaokimbilia msituni. Vilikuwa vimeandikwa.

VIDONGE HUFANYA NINI

Wagonjwa wengi hapa nchini humeza kidonge kimoja kwa siku ambacho ndani yake mna dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Ukiwa umefuata hadithi yetu, kazi yake haitakushangaza. Mbili za kwanza humzuia karani wa kinyume asiigeuze RNA kuwa DNA. Ya tatu humfunga mikono mshonaji.

Kwa hivyo seli mpya huwa zimelindwa. Virusi vinavyozunguka katika damu hufa bila kupata makao mapya, nazo seli zilizokuwa zikivitoa hufa kwa umri wake. Baada ya miezi michache damu huwa karibu safi, askari wa CD4 huongezeka tena, na mgonjwa hurudi kazini.

Lakini angalia vizuri. Dawa hizi humzuia mlaghai mlangoni. Haziondoi karatasi ambayo tayari imeshonwa ndani ya faili. Kila siku seli chache kati ya zile zilizolala huamka, zikaanza kunakili. Ukiwa umemeza kidonge chako, virusi vinavyotoka hapo hugonga mlango na kukuta umefungwa. Usipomeza, mlango uko wazi, na kwa watu wengi virusi hurejea kwa wingi ndani ya wiki chache tu.

Je, si ungeweza kumeza dawa mpaka seli zote zilizolala zife? Wataalamu wamelipigia hesabu jambo hilo. Akiba hiyo ya seli hupungua kwa nusu takriban kila miezi 44. Kwa mwendo huo, ingechukua zaidi ya miaka 60 ya dawa bila kukosa hata siku moja.

Ni kweli kwamba wako watu wachache mno duniani waliopona. Wa kwanza kujulikana, Mmarekani Timothy Ray Brown, alibadilishiwa uboho mjini Berlin mwaka wa 2007 na tena mwaka wa 2008 kwa sababu ya saratani ya damu, naye aliyemtolea uboho alikuwa na seli ambazo HIV haiwezi kuziingia kwa urahisi. Kwa maneno mengine, masijala nzima ilibomolewa ikajengwa nyingine. Ni matibabu ya hatari kubwa ambayo hayawezi kupewa mtu asiye na saratani.

Kuna hatari nyingine ya kuacha na kurudia dawa ovyo. Yule karani wa kinyume hukosea mara nyingi anaponakili, wala hana desturi ya kukagua kazi yake kama wafanyavyo makarani wa DNA yako. Virusi hubadilika kila uchao. Dawa ikiwa kidogo mwilini, vile vilivyobadilika hata dawa haviwezi ndivyo hubaki na kuzaana. Hapo ndipo usugu huanza.

KIPIMO HUTAFUTA NINI

Sasa turudi kwa zile herufi tatu, LDL. Maana yake ni kwamba idadi ya virusi iko chini ya kiwango ambacho mashine huweza kuhesabu, na kwa kawaida kiwango hicho ni nakala 50 katika mililita moja. Na kinachohesabiwa ni RNA ya virusi iliyomo katika maji ya damu. Unakumbuka ile sentensi? RNA hukuambia yanayotendeka sasa. DNA hukuambia yaliyoandikwa. Kadi ya mama wa Gikomba ilisema kweli: wakati ule hakukuwa na nakala zinazozunguka. Haikusema lolote kuhusu faili.

Na habari hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani, na anaendelea kumeza dawa kila siku, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya ngono. Kwa wanandoa wengi hilo ni tulizo kubwa la moyo. Kwa mama anayenyonyesha, hatari kwa mtoto huwa ndogo sana ingawa haijafikia sufuri, na ndiyo maana mtoto huendelea kupimwa na kupewa dawa za kinga.

Mtoto mchanga naye ana kipimo chake. Mtu mzima hupimwa kwa kutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili umetengeneza kupigana na virusi. Lakini mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili za mama yake, nazo huweza kukaa mwilini hadi miezi 18. Ukimpima kwa njia hiyo, unaweza kuambiwa ameambukizwa kumbe ni silaha za mama tu. Kwa hivyo watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi hutolewa matone machache ya damu kisiginoni, yakakaushwa juu ya karatasi maalum na kupelekwa maabara. Huko hutafutwa maandishi ya kirusi chenyewe, DNA yake iliyoshonwa ndani ya seli, na mashine nyingi hutafuta RNA pamoja. Hapa Kenya hufanywa hivyo mtoto akiwa na wiki 6, kisha miezi 6 na miezi 12. Mzazi, tafadhali usiruke hata kimoja kwa kuwa cha kwanza kilikuwa kizuri. Mtoto anayenyonya bado yumo safarini.

NA CHANJO YA RNA JE?

Wakati wa janga la korona, chanjo mbili zilizotengenezwa kwa RNA mjumbe, za Pfizer na Moderna, zilitumika hapa nchini kuanzia mwaka wa 2021. Niliulizwa mara nyingi, hata baada ya ibada, kama ni kweli kwamba chanjo hizo hubadilisha DNA ya mtu. Naona wasomaji wengine bado wana hofu hiyo, na baada ya kusoma habari za karani wa kinyume huenda hofu ikaongezeka. Kama HIV inaweza kugeuza RNA kuwa DNA, chanjo itashindwaje?

Jibu ni kwamba chanjo haibebi karani wala mshonaji. Ni nakala tupu iliyofungwa ndani ya tone la mafuta, yenye maagizo ya protini moja ya kirusi. Inaingia ndani ya seli, lakini inaishia kwenye ribosomu, nje ya kiini, kule mafundi walipo. Wakishaitumia, seli huivunjavunja kama inavyovunja RNA nyingine yoyote. Udhaifu huo wa RNA ndio ulioleta taabu ya kuihifadhi katika baridi kali mno. Katalin Karikó na Drew Weissman walipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2023 kwa kugundua namna ya kuirekebisha RNA hiyo ili mwili usiishambulie kabla ya kufanya kazi. Tena RNA haidumu. Anayeogopa kwamba itadumu milele anaogopa kinyume cha ukweli.

SHAURI LANGU

Kama wewe au jamaa yako mnameza dawa za HIV, nawaomba mshike mambo haya.

Ukiambiwa virusi havionekani, furahi, kwa maana umefanya kazi nzuri. Halafu meza kidonge cha jioni ile ile. Ni kidonge hicho kinachovifanya visionekane.

Ukiwa umeacha dawa kwa sababu yoyote ile, iwe ni safari, kuchoka, au kuaminishwa kwamba umepona, rudi kliniki. Usirudi kumeza kimyakimya ukitumaini hakuna atakayejua, kwani huenda ukahitaji kupimwa usugu kwanza. Na usiogope kukemewa. Anayekukemea amesahau kazi yake.

Ukipewa majibu ya kipimo chochote, uliza: kipimo hiki kimetafuta nini? Ni haki yako kujua, na daktari anayejua kazi yake hatakasirika.

Mama wa Gikomba alianza dawa tena juma lile lile. Alirudi baada ya miezi sita akiwa na kadi mkononi, na LDL ikiwa imeandikwa upya. Makovu ya mkanda wa jeshi yalikuwa yamebaki ubavuni, lakini maumivu yalikuwa yamekwisha. Nilimuuliza kama angependa nimweleze tena maana ya herufi zile.

"Hapana, daktari," alisema akicheka. "Ni kwamba karatasi haziko barabarani. Lakini faili liko ofisini, na mimi ndiye bawabu."

Sijawahi kusikia mtaalamu akilieleza vizuri zaidi.